UZI: Mikono mbili mu nembo ya muji ya Anvers haikutoka Kongo, lakini tuisome vizuri

Mwana_Katuba (Lubumbashi)

Bandeko, jambo yenu bote. Uzi itakuwa murefu, munisamehe, hii kintu inanikamata roho tangu myezi mbili na sipendi kuikata vipande-vipande.

Mama mudogo alifika toka Ubelgiji siku ya posho, alileta nguo, viatu bya batoto, na kasha moja ya bati ya biskuti. Ku mufuniko balichora ngome na minara yake, na juu ya ngome mikono mbili imefunguka, vidole juu, sawa mutu amechovya mukono mu chokaa akagusa ku ukuta. Tukafungua. Ndani biskuti zote ni mikono. Kila moja sawa kiganja cha mutoto mudogo, dole gumba pembeni, vidole ine vimesimama, na vipande vya lozi juu. Batoto balikuwa bamesha anza kula. Kambo wetu, mama ya mama, alichukua moja akaiweka juu ya mukono yake mwenyewe, akaiangalia, akairudisha mu kasha akafunika. Akauliza paka hivi: «Hii ni mikono ya banani?»

Mujue kambo ni mutu ya Mongala, kule kaskazini ya Kongo. Baba yake njo alikuya huku Katanga na kazi ya basoda, akazalia huku. Mambo ya mpira (ile utomvu ya miti, yenye bantu balilazimishwa kukusanya) kambo hakuiona na macho, alizaliwa nyuma, lakini alilelewa na benye kuiona.

Mama mudogo akaeleza kwamba ni hadisi ya zamani ya Anvers, Waflama wanaiita Antwerpen, hadisi ya jitu, haina kitu na sisi. Hapo binamu yangu akatoa simu akaonyesha posti yenye inazunguka sana, inasema muji ya Anvers ilikamata mikono ya Bakongo benye kukatwa wakati ya Leopold II, mufalme wa Ubelgiji mwenye alishika Kongo, ikaiweka mu nembo yake kwa kujisifu. Nyumba ikagawanyika mbili. Tulibishana mpaka moto ya makala ikazima na hakuna mwenye alikumbuka kuongeza.

Nikaanza kusoma. Nitasema yenye niliona, na nitaanza na yenye haitapendeza bamoja.

Ile posti ni uongo. Nembo ya Anvers ni ngao nyekundu, ndani ngome ya rangi ya feza, na mikono mbili juu yake. Mikono ile ilikuwa mu alama ya muji karne nyingi mbele Leopold II azaliwe, na yeye alizaliwa 1835. Wakati banaichora mara ya kwanza hakuna Mubelgiji hata mumoja alikuwa anajua kama muto Mongala iko.

Hadisi yenyewe sasa, muisikie vizuri juu njo kiini ya uzi. Anvers iko ku muto Escaut, muto mukubwa wa meli. Banasemaka zamani pale ku kingo alikaaka jitu, jina Druon Antigoon. Kila mwenye kupita na mashua alipashwa kulipa ushuru kwa jitu. Mwenye kukataa ao kushindwa, jitu lilikuwa linamukata mukono na kuutupa mu maji. Ikakuya soda mumoja wa Roma, Silvius Brabo, akapigana na jitu, akaliua, akalikata mukono yake yeye na kuutupa mu Escaut. Mu kiflama «hand werpen» ni kutupa mukono, na bantu banasema jina ya muji ilitoka pale. Benye kusoma luga banasema apana, jina inatoka ku udongo wenye muto ulisukuma ukarundikana pembeni. Haizuru, hadisi ndio bantu balipenda.

Mu 1887 muji ikasimamisha sanamu kubwa ya Brabo mbele ya nyumba ya meya, kazi ya muchonga sanamu Jef Lambeaux. Brabo juu, muili umejipinda, anatupa mukono ya jitu.

1887, bandeko. Leta ya Leopold ilikuwa imesha fikisha myaka mbili huku kwetu, ilianza 1885. Na myaka tano nyuma ya sanamu, 1892, inazaliwa kampani ya mpira yenye ilipewa inchi yote ya Mongala. Jina yake: Société Anversoise du Commerce au Congo. Anversoise maana yake ni ya Anvers. Bakambo betu ba Mongala balikuwa baitaja hivyo, Anversoise, bila kujua ni jina ya muji. Mpira yenye ilitoka pale ilishuka muto mpaka Matadi, ikapanda meli, ikaenda kushuka ku port ya Escaut, karibu ya ile sanamu, mwendo ya miguu tu.

Sasa rudieni hadisi polepole. Jitu linakata mikono ya nani? Ya bantu benye kushindwa kulipa. Muji ilikuwa na hadisi yenye kufundisha kila mutoto kama mwenye kukata mikono ya bantu juu ya ushuru ni jitu, ni mubaya, na mwenye kumumaliza ni shujaa. Banaichora ku mihuri, ku milango, sasa na ku biskuti tangu 1934. Na wakati ule ule ku port yao kunafika mpira yenye ilikusanywa paka vile. Mimi njo pale nilisimama, na sijatoka pale bado.

Kwa hiyo nasema ile posti ya uongo inatuibia. Inatupatia kosa yenye Mubelgiji yoyote anaweza kuikataa na buku moja, halafu akishaikataa anafunga na mlango juu ya ile ingine yenye ni kweli.

---

Yaya_Kamalondo (Lubumbashi)

Mwana, nimesoma yote na ninakuheshimia kwa kazi, lakini naona unabatafutia njia ya kutokea. Juu ya nini ni sisi njo tunapashwa kuwa waangalifu na maneno, ligne kwa ligne, tarehe kwa tarehe, na bao hata siku moja habakuwa waangalifu na mikono yetu? Kambo wako aliuliza ulizo moja na hakuna mwenye alimujibu. Unamujibu na historia ya jitu.

---

Mwana_Katuba

Yaya, sikatae. Ulizo ya kambo njo inanifanya niandike. Lakini nataka nimujibu na kintu yenye itasimama. Nikimuambia «ni mikono yetu, baliichora» na kesho mujukuu wake anasoma ku shule kwamba haiko kweli, ataanza kutilia mashaka na yote yenye kambo alimuambia, na ile ya kambo ni kweli tupu.

---

MpwaWaUjiji (Kigoma)

Habari za huko ng'ambo ya ziwa. Samahani kama swali langu ni la kitoto, sisi shuleni tulisoma habari za Leopold kwa kurasa mbili tu halafu tukahamia kwa Wajerumani. Kwa nini hasa mikono? Ukitaka mtu akaleta mpira zaidi, kumkata mkono si unamfanya ashindwe kabisa kuvuna? Hapo huwa sielewi.

---

Mwana_Katuba

Ndugu wa Kigoma, ulizo haiko ya kitoto, hata mimi nilikaa nalo.

Mukono haikuwa kwanza malipizi ya mpira, ilikuwa hesabu ya risasi. Basoda ba Force Publique, jeshi ya Leopold huku Kongo, na walinzi ba makampani balikuwa banapewa risasi kwa idadi, na bakubwa bao bazungu balikuwa na woga kwamba soda atatumia risasi kwa kuwinda nyama ao ataificha siku moja aigeuzie kwao. Kwa hiyo kanuni: risasi moja ikitoka, mukono moja ya kuume irudi. Kijiji ikikataa kuleta mpira, ao ikileta kidogo, basoda banatumwa, banaua, banakata mikono ya maiti, banaikausha juu ya moto na moshi juu isioze mu njia, banaibeba mu bitunga mpaka ku poste, kule banahesabu. Soda mwenye alipiga risasi bure ao alipiga kima akaila, anakosa mukono moja mu hesabu. Anaitafuta ku mutu muzima. Ku mutoto pia.

Njo maana kuko picha za bantu bazima bila mukono, wameshika kitambaa cheupe mbele ya kifua juu picha ionyeshe vizuri kikonyo.

Na ile foto yenye inaniua ni ya mai 1904, ku Baringa, ya mama mumisionere Muingereza Alice Seeley Harris. Baba mumoja jina Nsala eko anakaa chini ku baraza, mwili umeinama, anaangalia mbele yake mukono moja na mguu moja midogo, yenye imewekwa pale. Ni bya mutoto wake mwanamuke, Boali, alikuwa na myaka 5. Balinzi ba kampani ingine ya mpira, ABIR, njo balimuua. Baba haangalie kamera. Bantu babili bamesimama nyuma, beko wanaangalia yeye. Kama unaifungua, ifungue peke yako, si mbele ya batoto.

Sasa weka ile foto pembeni ya biskuti ya kambo. Ukubwa ni karibu moja.

---

MpwaWaUjiji

Asante. Nimeiangalia. Nimefunga simu nikaenda kukaa nje kidogo.

---

Binti_Ibanda (Bukavu)

Mimi nilisoma pale Anvers myaka mbili, niseme yenye niliona na macho yangu juu bengi tunaongea ku foto tu.

Ile sanamu ya Brabo haina bwawa. Ni kitu yenye inashitua mutu mara ya kwanza. Kawaida sanamu ya maji iko na karo chini ya kupokea maji, pale hakuna, maji inaruka kwenye mukono yenye balikata, inaanguka ku mawe wazi na inapotelea mu nafasi kati ya mawe. Wakati ya joto batoto banavua viatu banakimbia ndani ya ile maji, banacheka, mama zao beko ku meza za bistro wanakunywa. Mara ya kwanza nilisimama pale na dada mumoja wa Kinshasa, hakuna mwenye alisema kitu, tuliangalia tu batoto. Bale batoto habakosei kitu. Lakini mwili yangu ilikataa kukaribia.

Mikono iko kila pahali. Kuko nyumba ya makumbusho kubwa karibu na port, MAS, ilifunguliwa 2011, ukuta yake ya inje yote imepigiliwa mikono midogo yenye kung'aa. Madukani utaikuta ya chokoleti pia. Na bantu ba Anvers banaipenda kweli kweli, si kwa ubaya, kwao mukono ni muji, ni kama vile kwetu tukiona Ziwa Kivu tunajua tumefika nyumbani.

Lakini kitu moja mama Mwana_Katuba (samahani kama uko baba) hujagusa. Anvers haikupokea mpira tu, ilipokea na bantu. Mu 1894 balifanya pale maonyesho makubwa ya dunia, baliweka kijiji ya Bakongo, bantu 144, wanaume, banamuke, batoto, wazungu banalipa kiingilio banakuya kuangalia wakipika na wakicheza. Bamoja balikufia kule. Kwa hiyo usiseme muji haikuwa na namna ya kutujua. Balituangalia uso kwa uso, pale pale.

---

Mwana_Katuba

Niko baba, haina shida. Aksanti sana Binti, hii ya 144 nilikuwa sijui na inaongeza uzito. Na mimi nilikuwa nasema «labda hawakujua», nafuta.

Tena kuko mutu mwenye alijua, na alijulia pale pale ku port. Edmund Morel, karani ya kampani ya meli ya Liverpool, balikuwa banamutuma Anvers kusimamia meli za Kongo. Hakuwa ametia mguu Afrika. Alikuwa anaangalia tu mizigo na mabuku ya hesabu: meli inafika imejaa mpira na pembe za tembo, inarudi Kongo na bunduki na baruti na risasi, biashara yenyewe haiko, kitu ya kulipa bantu haiko. Akajiuliza, kama hakuna yenye inaenda kulipa, mpira inapatikana namna gani? Jibu iko moja tu. Aliacha kazi, na mu 1904 akaanzisha chama ya kupigania Kongo, na mu 1908 Leopold alinyanganywa Kongo yake, ikawa ya Ubelgiji.

Karani mumoja, na karatasi za mizigo. Nyumba ya meya na Brabo wake ziko pale nyuma.

---

Fundi_Panda (Likasi)

Bandeko, munaongea mpira sawa vile hadisi ya Anvers iliisha 1908. Huku Katanga mpira haikuwa kilio yetu kubwa, kilio yetu ni shaba, na shaba ilienda wapi? Ilienda paka kule. Union Minière, kampani ya kuchimba shaba, ilizaliwa 1906, shaba yake ilikuwa inasafishwa Hoboken, na Hoboken leo ni kipande ya muji ya Anvers. Kuanzia 1931 treni ya Benguela ilikuwa inaichukua moja kwa moja mpaka bahari ku Lobito, mu Angola. Na madini ya Shinkolobwe, hapa karibu na sisi, yenye kutoka radiamu na uraniumu, ilikuwa inaenda Olen, mu jimbo ya Anvers, tangu 1922. Baba yangu alibeba ile mawe na mikono mitupu. Hakuna mwenye alimukata mukono. Lakini vidole vyake mwisho ya maisha havikuwa tena vinakunjika, alikuwa anashika kikombe na biganja mbili sawa mutoto.

Nimesema ile juu munaongea alama. Sisi tuko na alama yetu ya kazi ya mikono, hatuiiti tu vile. Croisette, musalaba ya shaba. Benye kuyeyusha shaba, benye banaitwaka «bakula shaba», balikuwa banachimba malakite, banaiyeyusha na makala na kumimina mu udongo wenye baliuchimba umbo ya musalaba. Mu makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, bantu ba zamani balizikwa nayo. Ilikuwa feza, ilikuwa mali ya kuoa. Halafu 1960, wakati Katanga ilijitenga na Kongo, banasiasa baliiweka tatu mu bendera ya Katanga, na sasa ukivaa croisette ku shingo kuko bantu banakuangalia sawa unataka kukata inchi. Alama ilikuwa ya bafundi myaka mia na mia, bendera ilikaa myaka mbili na nusu.

---

Yaya_Kamalondo

Fundi, ile ya baba yako imenigusa. Poleni sana.

Mwana, nimerudi kusoma tena ile yako ya kwanza. Nakubali posti ni uongo, nimeiondoa ku group yetu ya familia, nimeandika pale juu ya nini. Lakini nabaki na neno langu. Mufalme wao Philippe alikuya mpaka hapa Lubumbashi juni 2022, aliongea ku université, alisha sema majuto ku Kinshasa, vizuri. Ku Ekeren, kule kule Anvers, baliondoa sanamu ya Leopold mu juni 2020, vizuri pia. Lakini biskuti iko ku duka. Unataka bafanye nini na ile mikono? Sema wazi.

---

Mwana_Katuba

Yaya, sitaki baifute. Nembo ni ya zamani kuliko kosa, na kuifuta itakuwa sawa kusema kweli ilitoka kwetu, tutakuwa tumeweka uongo ku ukuta yao na mikono yetu.

Yenye ningependa ni hadisi imalizike. Kila mutoto ya Anvers anajua jitu lilikata mikono juu ya ushuru, mwalimu anamupeleka mbele ya Brabo anamuelezea. Pale pale, siku ile ile, amuelezee pia kwamba myaka tano nyuma ya kusimamisha hii sanamu kampani yenye kubeba jina ya huu muji ilikuwa Mongala. Amuonyeshe Nsala akifikia umuri ya kuweza kumuona. Mutoto mwenyewe atauliza jitu ni nani sasa. Sihitaji kumujibia.

Na huku kwetu pia naona kuko kazi. Hapa kati-kati tuko na bariere ngapi ku barabara, mutu amefunga kamba ku miti mbili, anashika muguu ya kinga (baiskeli) ya mama mwenye kutoka na makala ku pori, lipa ndio upite? Sitaji pahali, kila mutu anajua yake. Hadisi ya ushuru na muto si ya Waflama peke yao. Nilipoielezea ile ya Antigoon kwa mama wa makala mwenye anatuuzia, hakushangaa hata kidogo, aliuliza tu jitu lilikuwa linaomba ngapi.

---

Binti_Ibanda

Hapo ku kuonyesha Nsala nakubali. Mimi nimesoma pale, ku masomo ya historia yangu hapakuwa na saa hata moja juu ya Anversoise. Jina lenyewe nalisikia kwako leo.

Lakini Mwana, kambo umemuambia nini? Umetuacha pale ku kasha.

---

Mwana_Katuba

Nilimuambia yote, jioni moja, umeme haikuwa, tulikuwa wawili tu. Nilianza na jitu. Alisikiliza mpaka mwisho, aliuliza Brabo alipotupa mukono mu maji kama kuko mwenye alienda kuutafuta. Nikamuambia hadisi haisemi. Nikamueleza Anversoise ni jina ya muji ile. Alinyamaza murefu. Akasema baba yake alikuwa analitamka na «l» katikati, kama neno ya kilugha, «Anvelsuazi», na yeye myaka yote alifikiri ni jina ya mutu, muzungu mumoja mukali.

Biskuti zenye zilibaki hakuna mwenye alizila, zilikauka, mama alizipa kuku. Kasha kambo aliikamata. Anawekamo sindano na nyuzi zake na vifungo, iko chini ya kitanda, mufuniko amefungia na kitambaa.